Damu Inayomuua Mbu: Jinsi Dawa ya Ivermektini Ilivyochunguzwa Kutoka Maabara Hadi Vijiji vya Kwale

Kila mvua zinapoanza, mabenchi ya zahanati kutoka Vanga hadi Tiwi hujaa akina mama waliopakata watoto wenye homa. Si kwamba wakazi wa Kwale wamepuuza ushauri. Matumizi ya neti zilizotiwa dawa katika kaunti hii ni ya juu, wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, na kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kuchoma kidole, kinajulikana hata na watoto wa chekechea. Hata hivyo malaria haijaondoka.

Mwaka 2023, mvua za vuli zilipokaribia, Kwale ikawa mahali pa kujaribu wazo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linachekesha: kumpa binadamu dawa ili afe mbu. Jaribio hilo, lililojulikana kwa jina la BOHEMIA, lilifadhiliwa na shirika la Unitaid na kuongozwa na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona, Uhispania, pamoja na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wa Kilifi. Watu walimeza vidonge vya ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo. Matokeo yalichapishwa Julai 2025 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine: kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, maambukizi mapya ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 katika vijiji vilivyopewa dawa hiyo, juu ya kinga ambayo neti zilikuwa tayari zinatoa.

Wengi wamesikia nambari hiyo redioni. Kilichosemwa kidogo ni namna ilivyopatikana, na namna mtu anavyoweza kujua kwamba dawa iliyo ndani ya damu itamuua mdudu na kumwacha mwenye damu salama. Hilo halikugunduliwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Lilihitaji udongo wa Japani, mayai ya chura, panya waliokufa kwa bahati mbaya, na mwisho damu ya wakazi wa pwani.

Mbu aliyezoea pareto

Dawa inayopakwa kwenye neti ni ya ukoo wa pareto, lile ua linalolimwa nyanda za juu za Kenya, ingawa siku hizi hutengenezwa kiwandani. Kazi yake ni kushika vilango vidogo vilivyo kwenye mishipa ya fahamu ya mbu. Vilango hivyo hufunguka na kufunga haraka mno ili kupitisha chembe za sodiamu, na kwa njia hiyo mshipa hupeleka ujumbe wake, mfano wa stima ndogo. Pareto huvizuia visifunge. Mshipa unapiga kelele bila kukoma, mbu anatetemeka, anaanguka.

Lakini kwa miaka mingi ya kukutana na dawa hiyo hiyo, mbu walionusurika ndio waliozaa. Baadhi yao wana vilango vyenye umbo lililobadilika kidogo, kiasi kwamba dawa haishiki tena. Wengine wana vimeng'enya vingi zaidi mwilini, yaani protini zinazovunjavunja sumu, nao huimaliza dawa kabla haijafika kwenye mishipa. Ndiyo maana kuna neti za kisasa zilizoongezwa kemikali ya pili, PBO, ambayo yenyewe haiui mbu bali huvifunga mikono vimeng'enya hivyo ili pareto ipate nafasi.

Tatizo la pili ni la saa. Neti humlinda aliyelala. Haimlindi mzee aliyekaa barazani akisubiri taarifa ya habari, kijana anayerudi kutoka mazoezi ya mpira, wala mvuvi anayeteremka ufukweni kabla ya mapambazuko, kukiwa bado giza. Mbu wanaouma nje au mapema wanapata chakula chao bila kuigusa neti kabisa. Ila popote wanapouma na saa yoyote, kuna kitu kimoja hawawezi kukikwepa, nacho ni damu. Jike wa mbu lazima anywe damu ili akomaze mayai. Kama damu yenyewe ina kitu kinachomdhuru, hana pa kukimbilia.

Kabari kwenye kilango

Ivermektini ilitokana na kijidudu cha udongoni. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi wa Japani, Satoshi Ōmura, alikuwa akikusanya udongo sehemu mbalimbali za nchi yake akitafuta bakteria wanaotengeneza kemikali zenye manufaa. Udongo uliochukuliwa karibu na uwanja wa gofu katika mji wa Ito ulikuwa na bakteria ambaye hakuwahi kuonekana kwingine. Sampuli zake zikapelekwa Marekani katika kampuni ya Merck, ambako William Campbell alizijaribu kwa panya wenye minyoo. Minyoo ikafa. Kutoka hapo ikatengenezwa ivermektini, kwanza kwa ajili ya mifugo, kisha kwa binadamu. Tangu 1987 Merck imekuwa ikiitoa bure kutibu upofu wa mtoni. Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2015. Nusu ya pili ya tuzo hiyo ilikwenda kwa Tu Youyou wa China, aliyegundua artemisinini, ambayo kwa sura nyingine ndiyo nusu ya vidonge vya AL vinavyotolewa leo katika zahanati za Kwale. Kwa hiyo tuzo ya mwaka ule inawahusu wakazi wa pwani kwa pande zote mbili.

Kujua kwamba dawa inaua ni jambo moja, na kujua inauaje ni jingine. Watafiti walishuku kwamba ivermektini hugusa mishipa ya fahamu, kwa kuwa minyoo iliyopewa dawa ililegea na kushindwa kusogea. Lakini mshipa wa mnyoo ni mwembamba kuliko unywele, na ndani yake kuna maelfu ya protini za aina tofauti. Utajuaje ni ipi iliyoguswa?

Njia waliyotumia ni ya werevu, na inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayotumika hadi leo katika maabara nyingi. Yai la chura fulani wa Afrika, aitwaye Xenopus, ni seli moja kubwa inayoonekana kwa macho bila darubini. Seli hiyo ni mtiifu: ukiichoma kwa sindano nyembamba na kuiwekea maagizo ya kijeni kutoka kwa kiumbe kingine, itatengeneza protini ya kiumbe kile na kuipanga kwenye ngozi yake. Mwaka 1994 kundi la watafiti wa Merck, akiwamo Doris Cully, lilichukua maagizo kutoka kwa mnyoo mdogo wa maabara na kuyatia kwenye mayai ya chura. Kisha wakachomeka nyaya mbili nyembamba ndani ya yai ili kupima umeme unaopita, na kulimwagia ivermektini. Pale ambapo yai lilikuwa na protini sahihi, mkondo wa umeme ulibadilika. Pale ambapo halikuwa nayo, hakukutokea kitu.

Protini hiyo ni kilango cha aina nyingine. Hufunguliwa na kemikali iitwayo glutamati na hupitisha kloridi, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Kloridi inapoingia kwenye seli ya mshipa, seli hunyamaza. Kwa kawaida kilango hufunguka kwa muda mfupi mno na kufunga. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Ryan Hibbs na Eric Gouaux, walichapisha picha ya kilango hicho kikiwa kimeshikwa na dawa, picha iliyopatikana kwa kugandisha protini ikawa fuwele na kuipiga kwa miale ya eksirei. Ilionyesha kilango kimeundwa kwa vipande vitano vilivyosimama duara, kama mbao za pipa, na ivermektini imejipenyeza katikati ya vipande hivyo mithili ya kabari. Kilango hakiwezi kufunga. Kloridi inaendelea kumiminika, mshipa unabaki kimya, misuli haipati amri.

Kwa mbu mambo ni hayo hayo. Anapokunywa damu yenye dawa, dawa hupenya ukuta wa tumbo lake na kuingia katika majimaji yanayojaza mwili wake, kwa kuwa mbu hana mishipa ya damu kama yetu. Miguu inalegea, anashindwa kuruka. Wengine hufa siku ya kwanza, wengine baada ya siku kadhaa, na baadhi ya wanaobaki hutaga mayai machache.

Kufa baada ya siku kadhaa kunaweza kuonekana kama udhaifu wa dawa. Kwa malaria, siku hizo zinatosha. Mbu anapomuuma mgonjwa, vimelea alivyovinyonya haviwezi kuambukiza papo hapo. Vinahitaji kukua ndani yake na kusafiri hadi kwenye tezi za mate, safari inayochukua takriban siku 10 hadi 14. Katika muda huo jike hurudi kula damu kila baada ya siku mbili au tatu. Mbu wa hatari, kwa maneno mengine, ni mbu mzee, na kila mlo anaoula njiani ni nafasi nyingine ya kukutana na damu yenye dawa. Akifa siku ya tano au ya nane, hakuna mtoto atakayeambukizwa naye.

Kwa nini mwenye damu hadhuriki

Hapa ndipo wazazi wengi huuliza swali la haki kabisa: kama dawa inalemaza mishipa ya mdudu, mbona isilemaze ya mwanangu?

Jibu la kwanza ni kwamba binadamu, kama wanyama wote wenye uti wa mgongo, hana kile kilango kinachofunguliwa na glutamati na kupitisha kloridi. Ni mali ya wadudu, minyoo na jamaa zao. Jibu hilo lingetosha kama mambo yangekuwa mepesi, lakini sivyo. Ubongo wetu una vilango vya ukoo wa karibu, na ivermektini ikiwa nyingi inaweza kuvigusa. Kinachotuokoa ni mlinzi.

Mlinzi huyo aligunduliwa kwa ajali. Mapema miaka ya 1990, katika Taasisi ya Saratani ya Uholanzi jijini Amsterdam, Alfred Schinkel na wenzake walikuwa wamezalisha panya waliokosa jeni moja. Jeni hiyo hutoa protini inayofanya kazi kama pampu, na wao waliichunguza kwa sababu ya dawa za saratani. Vyumba vya panya vikapata utitiri, kama inavyotokea, na panya wakanyunyiziwa ivermektini, jambo la kawaida lisilomdhuru panya yeyote. Safari hii panya waliokosa ile jeni walikufa, na wenzao wakabaki wazima. Walipopima, walikuta ubongo wa panya wasio na pampu una ivermektini mara 87 zaidi ya ubongo wa panya wa kawaida. Makala yao ya 1994 ilionyesha kwamba pampu hiyo hukaa kwenye kuta za mishipa ya damu ya ubongo na kuitupa dawa nje kila inapojaribu kuingia. Baadaye ikajulikana kuwa mbwa wa aina ya collie, ambao wafugaji walikuwa wameona wanadhurika na dawa hii, wengi wao wamezaliwa na pampu mbovu.

Binadamu mwenye afya ana pampu hiyo. Lakini mlinzi yeyote anaweza kuzidiwa. Dozi ikiwa kubwa kupita kiasi, dawa hupenya. Ndiyo sababu kila aliyeshiriki katika jaribio la Kwale alipewa dawa kulingana na kilo zake, mikrogramu 400 kwa kila kilo. Watoto wenye uzito wa chini ya kilo 15 na akina mama wajawazito hawakupewa kabisa, kwa kuwa ushahidi wa usalama kwao bado ni mdogo.

Damu, ini na saa

Kidonge kikishamezwa, swali linakuwa la hesabu: dawa kiasi gani iko kwenye damu, na kwa muda gani? Ivermektini hupenda mafuta, kwa hiyo humezwa vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta na hujificha katika mafuta ya mwili. Kiwango chake katika damu hufika kileleni baada ya saa nne au tano hivi. Kisha ini huanza kuivunja, na kwa wastani kila baada ya saa 18 hivi kiasi kilichomo hupungua kwa nusu. Baada ya siku tatu, yaani saa 72, inabaki sehemu moja tu ya kumi na sita.

Kwa hesabu hiyo ungetarajia mbu waanze kustarehe baada ya siku chache. Utafiti uliofanyika Kisumu, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha vinginevyo. Watu wazima 141 waliokuwa wakitibiwa malaria waligawanywa makundi: baadhi walipewa ivermektini kwa siku tatu kwa dozi mbili tofauti, wengine kidonge kisicho na dawa. Damu yao ilichukuliwa mara kwa mara na kupewa mbu. Mbu walionywa damu ya waliomeza dawa waliendelea kufa kwa wingi kuliko wenzao hata siku 28 baadaye. Sehemu ya maelezo inaonekana kuwa kazi ya ini lenyewe: majaribio ya maabara yameonyesha kuwa baadhi ya mabaki yanayotokana na ini kuivunja ivermektini nayo huua mbu.

Namna ya kulisha mbu ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Mbu wa kike waliokuzwa maabara hufungwa katika vikombe vyenye wavu juu, wakaachwa na njaa kwa saa kadhaa. Damu huwekwa katika chombo cha kioo kinachozungukwa na maji ya joto la mwili, na chini yake hunyooshwa utando mwembamba badala ya ngozi. Mbu huunusa ujoto, hutoboa utando, hunywa. Waliokataa kula hutolewa. Walioshiba huhesabiwa, na kila asubuhi mtu hukaa akihesabu waliokufa. Pembeni lazima kuwe na vikombe vingine vya mbu waliokunywa damu isiyo na dawa, kwa kuwa mbu hufa hata bila kuuawa, na bila kikombe cha kulinganisha hakuna anayeweza kusema kilichowaua ni nini.

Hapo ndipo bomba la damu linapopata maana yake. Pwani ina kumbukumbu ndefu ya hofu ya mumiani, yule anayesemekana kunyonya damu za watu kwa siri, na si ajabu kwamba timu ya utafiti inapoingia kijijini na sindano, minong'ono huanza. Kinachochukuliwa katika vipimo vya watoto ni tone la kidole. Katika tafiti zinazohitaji damu ya mshipa, kiasi chake hutajwa kwenye fomu ya idhini kabla mtu hajakubali, na mzazi ana haki ya kukataa au kumtoa mtoto wakati wowote bila kunyimwa huduma zahanati. Kila utafiti wa namna hii nchini hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, na ule wa dawa huhitaji kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Mkazi anayetembelewa na watafiti anaweza kuomba kuonyeshwa vibali hivyo.

Kijiji chukua nafasi ya kikombe

Mbu wa kikombe hawana pa kwenda. Mbu wa Kwale wanaruka, wanahama, wanauma ng'ombe wa jirani. Ndiyo sababu matokeo ya maabara peke yake hayamwambii mzazi kama mtoto wake ataugua mara chache zaidi. Ilibidi ijaribiwe kwa kijiji kizima.

Kwale si wageni wa kazi kama hiyo. Kati ya 2015 na 2017 utafiti wa TUMIKIA uligawanya kaunti hii katika maeneo 120 ili kujua kama minyoo ya safura hupungua zaidi dawa ikitolewa kwa jamii nzima badala ya shuleni tu. Ikaonekana hupungua zaidi, hasa dawa ikitolewa kwa kila mtu mara mbili kwa mwaka.

Katika BOHEMIA maeneo yalikuwa 84. Kura iliamua ni yapi yapate ivermektini na yapi yapate albendazoli, dawa ya minyoo inayofahamika mashuleni. Albendazoli huzuia protini ambayo mnyoo huitumia kujenga nguzo za ndani za seli zake na kunyonya sukari, na haimfanyi mbu chochote. Kwa hiyo kila kijiji kilipata dawa yenye faida, na kulinganisha kukawa kwa haki. Kura ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kama wangechagua wenyewe, labda vijiji vilivyo karibu na barabara ya Lunga Lunga vingepewa dawa na vile vya bondeni kuachwa, na mwisho hakuna ambaye angejua kama tofauti ililetwa na dawa au na madimbwi. Aliyepima watoto naye hakupaswa kujua kijiji kile kilipewa dawa ipi, ili jicho lake lisipendelee.

Watoto wa miaka 5 hadi 15 walipimwa kila mwezi kwa miezi sita. Vijiji vya albendazoli vilikuwa na maambukizi mapya 2.66 kwa kila mtoto kwa mwaka, na vya ivermektini 2.20. Msomaji mwenye kikokotoo ataona kwamba pengo hilo ni kama asilimia 17, si 26. Asilimia 26 ilipatikana baada ya kusawazisha tofauti zilizokuwapo kati ya vijiji. Watafiti wenyewe walisema kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 5 na 42. Upana huo ni mkubwa, na ni vizuri ukajulikana, kwa sababu nambari moja ikitajwa peke yake husikika kama ahadi.

Faida ilionekana zaidi kwa watoto walioishi mbali na mipaka ya maeneo yao na pale ambapo ugawaji wa dawa ulikwenda vizuri. Hilo lilitarajiwa. Mbu hana habari ya mipaka ya kata, na kijiji kilicho ukingoni kinapokea mbu wa jirani ambao hawakuonja dawa. Pia linaonyesha kwa nini dawa hii haifanani na vidonge vingine. Anayeimeza hajikingi mwenyewe, kwa kuwa mbu tayari amekwisha muuma. Anamkinga atakayefuata kuumwa. Ikimezwa na nyumba mbili katika kijiji cha nyumba mia moja, haina kazi.

Kuhusu usalama, jaribio hili ndilo kubwa zaidi la aina yake hadi sasa, likiwa na washiriki zaidi ya 20,000 na dozi zaidi ya 56,000. Hakuna madhara makubwa yaliyohusishwa na dawa. Yaliyoonekana yalikuwa madogo na ya kupita. Upande wa Msumbiji, wilayani Mopeia, kazi ilivurugwa na Kimbunga Gombe cha 2022 na kipindupindu kilichofuata, lakini huko ilionekana faida ya pembeni: upele na chawa walipungua, na wananchi wakasema kunguni nao wamepungua sana. Mtu aliyewahi kulala na kunguni hatahitaji kuelezwa thamani ya habari hiyo.

Si kila mahali mambo yamekwenda hivi. Katika visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau, ivermektini iliongezwa juu ya dawa za malaria zilizogawiwa kwa watu wote, na haikuleta tofauti iliyoonekana. Huenda dawa ya malaria yenyewe ilikuwa tayari imefanya kazi kubwa, huenda mbu wa visiwani wana tabia nyingine. Matokeo ya Kwale ni ushahidi mzito, lakini ni wa msimu mmoja na mahali pamoja, na ndiyo maana ivermektini bado haijaingia katika huduma za kawaida za kuzuia malaria nchini. Haitolewi zahanati kwa kazi hiyo, na neti, upimaji wa homa na AL vinaendelea kama kawaida.

Ile ya mifugo

Jambo moja linahitaji kusemwa bila kuzunguka. Ivermektini inauzwa katika maduka ya dawa za mifugo kote kaunti, na bei yake si kubwa. Tangu habari za jaribio zienee, ni rahisi mtu kufikiri kwamba chupa ya mbuzi itafaa kwa mtoto.

Dawa ya sindano ya mifugo yenye nguvu ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 16, kwa kipimo kilichotumika katika jaribio, angestahili miligramu 6.4. Kijiko kimoja cha chai cha dawa ile ni mililita 5, yaani miligramu 50, karibu mara nane ya kipimo hicho, pamoja na viyeyusho ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya tumbo la binadamu. Hapo ndipo ile pampu ya kwenye mishipa ya ubongo inapozidiwa. Na hata kama mtoto hatadhurika, nyumba moja iliyomeza dawa haizuii malaria ya kijiji, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu.

Dalili za kuzidisha dawa ni kutapika, kizunguzungu, kuyumba kama mlevi, usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, na zikizidi, degedege. Mtu anayeonyesha dalili hizo baada ya kumeza dawa ya mifugo apelekwe mara moja katika zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, na anayempeleka abebe chupa yenyewe, hata kama imekwisha, ili mhudumu asome nguvu ya dawa na kukadiria kiasi kilichomezwa.